Ua Linalonuka Mzoga

Mke wangu Benigna alipenda ua linalonuka mzoga. Naanza na hilo, maana ndilo lililotuletea aibu.

Nilimwoa milimani, juu ya Rubya, nikamleta Kibeta. Wenzake huja na mikeka na vikapu. Yeye alikuja pia na kiazi kimoja kimefungwa kwenye jani la mgomba, kikubwa kama gimbi. Kwao kinaota chenyewe kwenye mawe. Ua lake lina jina. Mimi sijalitamka hata siku moja.

Alikipanda kibanjani chini ya migomba, akakitilia samadi, kama tunavyofanya kwa kila kitu. Kikaoza. Akaenda kwao, akaleta kingine. Hicho akakiweka ukingoni mwa kibanja, kwenye kokoto, akanikataza kukitilia hata majivu. Kikashika.

Kila vuli ilipoanza, kilitoa ua kabla ya jani. Ua jekundu jeusi, kama ini lililosahauliwa buchani, na katikati kidole kimesimama. Nzi wanaingia humo kwa furaha. Ndizi mdomoni hazipiti.

"Nitaling'oa," nilimwambia.

"Ling'oe, na kesho ujipikie," akajibu, akicheka. "Mama alikuwa akilinusa ndipo anapanda maharage. Kwangu ni harufu ya nyumbani, Rugaibula. Kama inakukera, ziba pua."

Niliziba pua miaka yote tuliyoishi.

Alifariki kiangazi, mwaka ule vijana wetu waliporudi kutoka vita ya Wajapani kule Bama. Tulimzika kibanjani, karibu na ukingo ule. Kwenye kokoto hapakuonekana kitu, kiazi kilikuwa kimelala chini. Sikulikumbuka ua. Ningelikumbukaje?

Mvua ikanyesha. Siku chache baadaye uvundo ukaingia mpaka ndani ya nyumba. Nilipiga magoti kaburini nikanusa udongo. Mzee mzima, namnusa mke wangu kama mbwa. Nikatapika pale pale.

Jirani, Jovitha, alipita njiani na kanga puani. Haikufika jioni, watu wote wakasema nilimchimbia mke wangu shimo fupi. Asubuhi akaja kaka yake Benigna, Protase, aliyekulia huku kwetu kwa shangazi yao, na wanaume wenye majembe.

"Mulamu, shemeji yangu, dada yangu ananuka."

"Shemeji, ulishuka mwenyewe shimoni. Tulikuvuta kwa kamba kukutoa. Hilo ni fupi?"

"Basi kinanuka nini? Tunamfukua, tumzike upya. Ukikataa, nakwenda kwa mkungu, mkuu wa kijiji."

"Mkungu naye ana pua," akasema mmoja wao.

Wakacheka. Juu ya kaburi, wakacheka.

Jembe la kwanza likapiga. Niligeuza uso nisione, ndipo nikawaona nzi. Hawakuwa kaburini. Walikuwa kule kwenye kokoto, wamejazana ndani ya ua.

Nilimshika Protase shingo, nikamburuta, nikamwinamisha mpaka pua yake ikazama humo.

"Dada yako ndiye huyu? Nusa! Nusa tena!"

Akatapika rubisi yote aliyokunywa asubuhi hiyo. Wenzake wakateremsha majembe. Hakuna aliyeomba radhi. Protase alifuta mdomo, akasema:

"Ling'oe basi. Watu wanakuja kumaliza matanga."

"Alilipanda yeye. Halitoki."

"Hapa hakuna atakayekula."

"Wasile."

Matanga yalimaliziwa kwa Protase. Mbuzi wangu wa matanga aliondoka naye; huyo hakunuka. Mimi nilirudishia udongo pale jembe lilipopiga, nikaushindilia kwa viganja.

Ua lilikauka lenyewe, jani likatoka. Halina ubaya, ni chukizo tu. Ila wale waliocheka, mpaka leo nikipishana nao njiani natema mate. Na Protase akinipa mkono, naupokea, kisha naufuta kwenye nyasi, naye akiona.