Siku Natalia Aliposoma Barua Yangu

Niseme mapema, mimi Marko ndiye mkorofi wa habari hii, nisije nikaulizwa baadaye. Mwaka 1984 tulikuwa walimu wawili wa darasa la kwanza huku Gitting, jirani na mashamba ya ngano ya serikali. Mkondo A ulikuwa wangu. Mkondo B ulikuwa wa Efrazia, mwanamke mfupi kutoka Maretadu, aliyechomeka chaki nyuma ya sikio hata akienda kanisani.

Watoto wangu walikuwa moto. Nasoma mstari, wanaitikia, mpaka kitabu chote tukakimaliza kwa sauti moja, na wazazi wakawa wanasimama njiani kusikiliza. Efrazia bado alikuwa kwenye ma, me, mi. Alichana magunia matupu ya mbegu ya ngano, akayaandika silabi kwa mkaa, watoto wakawa wanazipanga sakafuni kuunda majina ya ng'ombe wa kwao. Ng'ombe, jamani! Nikamwambia anachezacheza tu. Akanijibu kwa upole kwamba hao watoto wa kwangu wanaimba tu. Iliniuma, nakiri.

Basi nikamwandikia barua mkaguzi wa shule. Nilisema Efrazia ahamishwe na watoto wake nipewe mimi. Niliandika kwa herufi zile za ubaoni, kubwa na safi, maana mwandiko wangu nilikuwa naringa nao.

Mkaguzi, Bwana Akonaay, akaja. Akamwambia Efrazia wazi kwamba watoto wake wasiposoma leo, anahama wiki hiyo hiyo. Akaanzia kwangu. Darasa likanguruma, akatabasamu. Tukaingia B, nami nikafuata nyuma nijionee.

Akamwita Natalia, binti wa mzee Sulle mfugaji. Natalia akasema shikamoo, akapewa kitabu, akakitazama weee, kimya. Nikageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mkaguzi akafungua faili mezani aandike uamuzi wake. Natalia alikuwa bado amesimama ng'ambo ya meza. Akainama kidogo, akaanza:

"Mwa-li-mu E-fra-zi-a a-na-che-le-we-sha wa-to-to."

Nilitamani ardhi ipasuke. Ilikuwa barua yangu, imelala ndani ya faili, imemwelekea mkaguzi. Hapo ndipo tulipoelewa wote, hata Efrazia. Kitabu kimoja tulikuwa tunawapa watoto sita, wanakizunguka, na Natalia mwaka mzima alikaa upande wa juu wa kitabu. Kusoma alijua sawasawa, ila maandishi yakiwa kichwa chini. Na mbele ya mgeni, mtoto wa watu hakuthubutu kukigeuza kitabu.

Mkaguzi akanyoosha mkono afunge faili. Efrazia akamzuia kwa adabu.

"Naomba amalize, Bwana. Mtoto akisoma hakatishwi."

Natalia akamaliza yote, na jina langu pale chini.

Efrazia alibaki na darasa lake. Mkaguzi yeye alirudi kwangu, akawashikisha watoto wangu barua ile ile, akawaambia wasome. Wakaipokea kwa mikono miwili, wakasimama wima, wakaimba ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Jumatatu nilikwenda kwa Efrazia kuomba magunia. Alinipa manne, na kipande cha mkaa.