Nusu Ukurasa wa Wamongolia

Mwalimu Tegshbayar alifundisha historia kwa Kimongolia miaka thelathini na mmoja, katika mji mdogo wa nyikani upande wa Uchina. Kila msimu wa vuli, kitabu kipya kikitoka, hakikufunguliwa darasani kabla mama yake, Hishigmaa, hajakigusisha kwenye paji la uso. Kwao maandishi yana heshima yake, hata karatasi iliyochanika hairukwi kwa mguu. Mama mwenyewe hakusoma, kazi yake ilikuwa kondoo. Lakini ile sura ya kitabu iliyohusu wahenga wake alitaka asomewe yote, mpaka nukta ya mwisho.

Vuli ya mwaka huo, kwa amri ya serikali, vitabu vya zamani vilitiwa magunia vikapakiwa lori. Vikaja vipya, vya Kichina. Tegshbayar akapekua kuitafuta ile sura ya kurasa ishirini na mbili. Akapekua wee, akarudi mwanzo. Jamani! Ilibaki nusu ukurasa: Wamongolia ni kabila dogo la kaskazini katika familia kubwa ya taifa, wakarimu, wapenda nyimbo na ngoma. Chini yake, picha ya msichana aliyevaa kofia, anacheka.

"Leo husomi, mwanangu?" mama aliuliza, bakuli la chai ya maziwa mkononi. "Au macho yamezeeka kuliko yangu?"

Angesema nini? Mama ana miaka themanini na sita, na moyo wake mgonjwa. Akafungua kitabu kipya, akakikazia macho, akaisoma ile sura ya zamani kutoka kichwani. Alidanganya, ndiyo, nami simlaumu. Mama akasikiliza amefumba macho. Kisha maskini ya Mungu akakichukua kitabu, akakigusisha pajini, akakiweka mbele ya taa ya siagi, pale wanapoweka vitu vitakatifu. Kitabu kilichomfuta yeye na ukoo wake! Tegshbayar aliona aibu.

Sarnai, mjukuu wake wa darasa la saba, akaangua kicheko.

"Bibi, babu anakuongopea! Hicho tunacho darasani. Hayamo hayo."

"Nyamaza wewe!" Tegshbayar alifoka.

"Mwache aseme," alisema Hishigmaa. "Kinasemaje?"

"Kinasema sisi ni wa kuimba na kucheza. Wageni wakija tunavaa zile nguo za ngoma."

"Na hao wengine, Wachina?"

"Hao ndio wenye historia, Bibi." Mtoto alisema bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa saa.

Hishigmaa akamgeukia mwanawe. "Na kesho utawafundisha watoto hicho?"

"Mama, nimebakiza miaka miwili nistaafu. Mwenzangu wa hesabu aligoma kufundisha kwa Kichina, mpaka leo hatujui alipo."

"Sikukuuliza habari za mwenzako. Utafundisha?"

"Nitafundisha."

Mama akageukia ukutani. Hakumkemea. Heri angemkemea, hata angemtupia bakuli.

Asubuhi Tegshbayar alisimama mbele ya watoto arobaini, Wamongolia tupu, akasoma ile nusu ukurasa kwa Kichina chake cha kuchechemea. Hazikuisha hata dakika tatu.

"Kuna swali?" aliuliza, akawatazama mmoja mmoja, akiomba moyoni ajitokeze japo mmoja.

Hakuna aliyekuwa nalo. Kipindi kilikuwa bado kirefu, na habari za Wamongolia zilikuwa zimekwisha.