Tao la Kituo cha Zimamoto

Kituo chetu cha zamani cha zimamoto pale Kisumu kilikuwa na mlango mmoja mkubwa wenye tao la mawe, na kando yake mnara mwembamba ambamo tulitundika mipira ya maji ikauke. Mkoloni alikijenga kwa kipimo cha gari lake. Gari jipya lilipoletwa, miaka michache baada ya Uhuru, ngazi ya juu yake ilizidi tao kwa shubiri moja. Likawa linalala nje na kunyeshewa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na kazi ya zimamoto ndiyo iliyokuwa yangu ya kwanza. Mkuu wetu alitaka tao livunjwe. Kabla nyundo hazijafika, akaja mzee mwashi kutoka Kombewa, ambaye ujanani alilijenga tao lile chini ya fundi Mhindi. Alivua kofia, akayapapasa mawe polepole.

"Tao halina kosa," alisema. "Teremsheni sakafu."

"Jaduong'," dereva wetu akamtania, akimwita mzee kwa Kijaluo, "hata kwako mlango ukiwa mfupi unachimba shimo?"

"Mimi nainama. Hili gari lako limesoma sana, haliwezi kuinama."

Mkuu mwenyewe alicheka, na kwa kicheko hicho tao likapona. Tulichimba juma zima, kina cha magoti, tukaacha mteremko wa kutokea barabarani. Gari lilipoingia bila kugusa kitu, mzee alitushika mikono sote, mmoja mmoja.

Halafu masika yakaja. Udongo mweusi wa Kisumu haunywi maji haraka. Yalitiririka kutoka barabarani yakajaa humo ndani. Tulichota kwa ndoo asubuhi, jioni yamerudi. Siku moja, saa nne asubuhi, moto ulishika vibanda vya nguo sokoni Kibuye. Magurudumu yaliteleza kwenye mteremko, gari likirudi nyuma kila tulipolisukuma. Tulipofika, safu nzima ilikuwa imeanguka.

"Mmekuja kuzima jivu?" mama mmoja akatuuliza. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mkononi ana mkasi tu.

Tulifungua maji, tukamwagia jivu.

Juma lililofuata tulivunja tao. Mimi ndiye niliyepiga nyundo ya kwanza, pale juu katikati, na nakiri nilipiga kwa hasira. Mawe tuliyatupa shimoni, tukamwaga zege juu, sakafu ikarudi ilipokuwa. Juu ya mlango ikawekwa boriti ya chuma. Hakuna aliyekumbuka kupeleka habari Kombewa.

Mzee alikuja mwenyewe mvua zilipokwisha. Alisimama mlangoni, akainua uso kuitazama ile boriti.

"Mawe yangu mmeyapeleka wapi?"

Dereva, aliyekuwa hakosi la kusema, aliinamisha kichwa. Ikabidi nijibu mimi.

"Umeyakanyaga, Jaduong'."

Alitazama viatu vyake. Akarudi nyuma hatua mbili, taratibu, mpaka akawa nje, kwenye vumbi la barabara.

"Na gari," akauliza, "sasa linatoka haraka?"

"Linatoka, baba."

"Basi."

Nilitaka kumwambia nyundo ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia alipovaa kofia yake akaondoka. Mwaka ule ule niliacha kazi, neno hilo bado sijalisema, na tangu hapo sijakaa mji mmoja kwa muda mrefu.