Zoezi la Nahodha Kuanguka

Abiria walinipigia makofi gatini. Halafu mama mmoja wa kiti cha mbele akaanza kupiga mayowe.

Ngoja nianze mwanzo.

Boti yetu ndogo ya abiria hairuhusiwi kuondoka na nahodha peke yake. Lazima awepo mtu wa pili wa kuifikisha salama nahodha akipatwa na jambo.

Nahodha alikuwa shemeji yangu, mume wa dada. Wa pili ni mimi, kwa kibali cha muda tu. Cheti kamili kingetoka shemeji akikiri kwamba naiweza kazi.

Basi akawa ananipima bila taarifa. Tuko katikati ya maji, mara puu! Kajiangusha, ulimi nje. Abiria wa kila siku walimpenda kwa vituko hivyo.

Mimi nilifeli kila mara kwa kosa lilelile: nilimwinamia yeye.

"Unanitazama nini, bwege wewe? Mimi nimeshakufa! Maiti haiendeshi boti. Tazama maji, tazama abiria!"

Boti nzima kicheko. Nyumbani alimwigizia dada nilivyobabaika, na dada akacheka mpaka machozi. Iliniuma, jamani.

Siku hiyo akaanguka tena, puu!

Nikasema leo ni leo. Nikadaka usukani, nikapunguza mwendo, nikawatuliza abiria. Yeye sikumtupia hata jicho.

Akanishika kifundo cha mguu.

Nikamsukuma kwa kisigino. "Maiti haishiki watu, shemeji!"

Watu wakavunjika mbavu. Akanishika tena, kwa ulegevu, kisha akaachia. Nikajua kakubali yaishe.

Nikaifunga boti gatini taratibu kabisa. Nikainama kwa mbwembwe: "Haya, cheti changu?"

Macho yalikuwa wazi, midomo imebadilika rangi. Hapo ndipo yule mama alipopiga mayowe.

Moyo, alisema daktari. Njiani tulikuwa tumelipita gati lenye zahanati. Tungesimama pale, tungemuwahi.

Mkaguzi wa vyombo vya majini aliwahoji abiria. Wote wakasema kweli: nilitulia, tukafika salama. Ushahidi wao ukashika nafasi ya neno la shemeji: cheti kamili kililetwa msiba haujaisha, akakipokea dada mwenyewe.

Akanikabidhi mlangoni.

"Hongera, nahodha. Wanasema alikushika mguu. Mara ngapi?"

"Mara mbili, dada."

Akafunga mlango.

Ndugu zangu, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mtu akianguka, mtazame usoni kwanza, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyekukataza. Mimi leo cheti ninacho, halali kabisa. Dada sina.