Benchi la Nyuma Bustanini

Mume wangu alipostaafu kazi ya bandarini, mwezi wa kwanza alishinda nyumbani akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Alikaza bawaba za milango, akapaka geti rangi, akapanga upya mabati yaliyolala nyuma ya nyumba miaka nenda rudi. Baada ya hapo akaanza kutoka. Kila siku saa kumi, nilipokuwa ndiyo kwanza naingia kutoka kazini, yeye alikuwa ameshaoga na kuvaa shati lililopigwa pasi. Alichukua mfuko wake wa kitambaa, akasimamisha bajaji, akaenda mjini. Nikimuuliza anakwenda wapi, alisema anakwenda bustanini kupunga upepo.

Sisi tunakaa Ujiji. Upepo wa ziwa unaingia mpaka jikoni kwangu, pamoja na harufu ya dagaa wanaoanikwa kule chini. Mtu wa Ujiji hapandi bajaji kwenda Kigoma kutafuta upepo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na wakati huo nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja kustaafu. Ukikaa darasani muda wote huo, unajifunza kusikia uongo kabla mtoto hajamaliza kuusema. Maneno yale, kupunga upepo, yalikuwa na mlio huo.

Bustani yenyewe sikuipenda tangu ilipofunguliwa. Zamani pale palikuwa uwanja wa vumbi wenye mijohoro mikubwa. Kina mama walichoma ndizi chini yake, na abiria wa boti walikaa juu ya mizigo yao wakisubiri kuitwa. Ilipojengwa bustani, mijohoro mingi ilikatwa, ikabaki michache upande wa ziwani. Sehemu nyingine waliotesha nyasi na mitende ya mapambo. Mji wetu umejaa michikichi, na watu walisimama kuitazama ile mitende wakiulizana inazaa nini. Haikuzaa kitu, na kivuli chake hakikutosha hata kuku.

Niliwahi kupeleka darasa langu la tatu pale. Mlangoni kulikuwa na ubao wa makatazo: usikanyage nyasi, usilale kwenye benchi, usiingie na chakula, usipande mti, usicheze mpira, usifue nguo. Watoto waliusoma kwa sauti mpaka mwisho, maana ndiyo kwanza walikuwa wamejua kusoma vizuri. Binti mmoja akaniuliza, sasa mwalimu, tumekuja kufanya nini? Tulisimama kwenye njia ya saruji, tukatazama ziwa kidogo, tukarudi shuleni.

Ndiyo maana sikuamini kwamba mtu mzima mwenye akili zake angekwenda kukaa mle kila siku kwa sababu ya bustani tu. Nikaanza kumwangalia.

Niliyoyaona hayakunipa amani. Alikuwa mtu wa chai, vikombe vitatu vya jioni, na sasa alikataa hata kimoja. Alihamia upande wa kitanda ulio karibu na mlango, akisema upande wangu kuna joto. Ijumaa akaanza kuswali nyumbani badala ya kwenda msikitini na wenzake, eti goti. Ulipotokea msiba kwao Simbo, msiba wa mtu aliyekua naye pamoja, alituma rambirambi akabaki. Halafu siku moja nikamkuta uani anafua suruali. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwona mwanamume huyu akifua hata leso. Nilipomwuliza, alisema ameimwagia soda. Nilisubiri aende ndani, nikaitoa kwenye kamba nikainusa. Ilinuka sabuni tu, sabuni nyingi, kama ya mtu anayeficha harufu nyingine.

Nilifikiria manukato. Nilifikiria manukato ya bei rahisi, yale yanayoganda kwenye kitambaa.

Jirani yangu anauza mawese, na hakuna habari inayopita mtaani kwetu bila kupumzika kibarazani kwake. Sikumwambia kitu, lakini alijua. Alianza mwenyewe kwa kuniuliza kama mzee amepata kazi nyingine mjini, maana anamwona anapita kila siku amependeza. Nikasema hajapata. Akapanga chupa zake, kisha akasema kwamba yeye asingekuwa na wasiwasi, ila bustanini mwanamke na mwanamume wanaweza kukaa mchana kutwa na hakuna wa kuwauliza. Nilimuaga nikaenda zangu. Maneno yake nilienda nayo.

Kuna siku mitihani iliisha mapema. Sikurudi nyumbani. Nilitoka shuleni moja kwa moja mpaka bustanini ili nifike kabla yake. Nilijifunga ushungi wa rangi ya kahawia ambao niliuazima kwa mwalimu mwenzangu, nikakaa kwenye ukingo wa maua nyuma ya kibanda cha mlinzi. Mabenchi yaliyo juani yalikuwa matupu, na saruji yake ilikuwa ya moto kiasi kwamba mtu asingependa kukaa. Chini ya mijohoro iliyobaki, upande wa ziwani, kulikuwa na nafasi nzuri mbili tatu. Nilijua atakaa pale. Amefanya kazi bandarini tangu ujana wake, anazijua meli kwa milio yake.

Alikuja saa kumi na nusu. Akapita mabenchi yote ya kivulini bila kuyatazama, akaenda mpaka nyuma kabisa, kwenye benchi lililoelekea ukuta wa kijengo kidogo. Pale huoni ziwa. Unaona ukuta na tenki la maji. Akaketi, akaweka mfuko magotini, akatulia kama mtu anayesubiri.

Nilijiambia, sasa utaona.

Haikupita hata robo saa, mwanamke akatokea upande wa tenki. Alikuwa na koti la kijani la wafanya usafi na ufagio mkononi, umri wake kama wa mdogo wangu wa mwisho. Hawakusalimiana. Alitoa ufunguo mfukoni, akampa. Mume wangu aliupokea, akainuka, akazunguka nyuma ya kijengo. Mwanamke akaendelea kufagia pale pale, akitazama huku na huku. Baada ya muda mume wangu akarudi, akamrudishia ufunguo, akaketi. Kabla jua halijasogea sana, wakafanya tena vile vile. Sikuona wakisemezana. Niliona watu waliokwisha kuzoeana mpaka maneno hayahitajiki, na hilo liliniuma kuliko kama ningewaona wanacheka.

Mara ya tatu aliponyanyuka nikashindwa kukaa. Nilikata katikati ya nyasi zilizokatazwa, nikamfikia yule mwanamke.

"Shikamoo, mama," alisema.

Sikuitikia. Nilimuuliza ufunguo ule ni wa nini.

"Wa choo," akasema. "Unahitaji? Kuna mzee ndani, akitoka nitakupa."

"Choo gani?"

"Cha hapa, mama. Cha bustani."

Nilichungulia nyuma ya kijengo, nikaona mlango wa chuma. Haukuandikwa kitu. Nikamuuliza yule mzee ni nani kwake. Akanitazama sasa vizuri, ushungi wangu wa kuazima na viatu vyangu vya shule, akaniuliza mimi ni nani wake. Nikamwambia ni mke wake.

Alilaza ufagio chini. "Afadhali umekuja," akasema. "Anaumwa huyu, mama. Hawezi kukaa muda bila kwenda."

Akanieleza kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kagunga, kwao. Mume wangu aliingia mle mara ya kwanza akitoka kufuatilia mafao yake mjini. Alikuwa anakimbia, anauliza choo, na choo kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Waliokuwa wanasimamia bustani walitaka kifunguliwe siku za wageni tu, wakisema watu wanakichafua. Yeye mfagiaji ufunguo alikuwa nao kwa ajili ya kuchota maji ya usafi. Alikwenda kuuchukua, lakini aliporudi mzee hakuwa amewahi. Alikuwa amesimama nyuma ya tenki, uso ukutani, akimwomba asimsogelee. Alimwachia ndoo ya maji na sabuni akaondoka, akarudi nguo zilipokauka. Tangu siku hiyo, alisema, hajamngojesha. Akimwona tu anaketi benchi lile, anaweka ufunguo mfuko wa mbele.

Nasema kweli, hata hapo sikuamini mara moja. Mume wangu alipotoka nyuma ya kijengo na kuniona, nilichukua ufunguo mkononi mwake nikaenda kutazama. Kilikuwa choo kidogo chenye ndoo ya maji, kopo, kipande cha sabuni juu ya tofali, na sakafu imesuguliwa. Nilisimama mle ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa natafuta mahali pa kuweka uso wangu.

Niliporudi, alikuwa ameketi. Nikakaa karibu naye. Mfuko wa kitambaa ulikuwa wazi, na ndani niliona suruali ya pili imekunjwa vizuri.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Mbona hukusema?"

Alitazama ukuta. "Nyumbani nikisimama tu unaniuliza nakwenda wapi," akasema. "Choo kiko uani, wapangaji wako uani. Wanaona mzee anatoka, anaingia, anatoka. Hapa hakuna anayeniuliza."

Kisha, kidogo kidogo, akaniambia lililobaki. Kaka yake mkubwa aliumwa hivyo hivyo, akaenda hospitali kwa miguu yake akarudi amebebwa. Kwa hiyo yeye aliamua kutokwenda. Ilimradi kuna mahali pa kukaa palipo karibu na choo, alijiambia siku zitasogea.

Nilimpeleka hospitali wiki ile ile. Alibishana njia nzima. Daktari alikuwa kijana, naye nilimshuku, nikamtaka anieleze kila kipimo na kila karatasi mpaka akaniuliza kama mimi ni muuguzi. Ilikuwa tezi dume, ile ya uzee, na haikuwa na kansa ndani yake. Alifanyiwa upasuaji, akalala wodini siku kadhaa, akarudi nyumbani amekonda na mwenye hasira kwa sababu ya uji. Mwezi uliofuata aliomba chai. Nilimpa vikombe vitatu.

Alipopata nguvu tulikwenda bustanini pamoja, mchana wa Jumamosi. Safari hii alikaa chini ya mijohoro, akaniambia ile meli inayokuja inatoka wapi kabla haijakaribia. Nilikaa naye mpaka jua likapungua, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mahali pale panaweza kupendwa. Kivuli kidogo kilichobaki kilitutosha. Benchi lilikuwa na mgongo wa kuegemea. Familia moja ilikuwa imeficha chapati kwenye kikapu cha mtoto na inakula kwa zamu, huku mlinzi akitazama pembeni kwa hiari yake. Nadhani bustani ile iliishi kwa watu wa namna hiyo, mlinzi wa kutazama pembeni na mfagiaji wa kuvunja amri.

Yule mama wa koti la kijani alikuwepo. Nilimpelekea kitenge. Alikipokea, akamtazama mume wangu anavyotembea taratibu bila haraka, akasema amefurahi kumwona amepumzika. Baadaye alihamishiwa kufagia sokoni, na aliyekuja badala yake alifuata amri. Nimewahi kuona mama mwenye watoto wawili akizunguka kijengo kile, akijaribu mlango, kisha akifunga vitu vyake na kuondoka kabla hajamaliza hata kukaa. Niliandika barua kuhusu kile choo, nikaipeleka mwenyewe kwa wasimamizi wa bustani. Nikaambiwa litafanyiwa kazi. Kuna wiki naenda nakuta kufuli limeondolewa, kuna wiki nakuta limerudi. Sijui ni nani anaamua, na siamini kwamba barua yangu imesomwa. Siku hizi nikitembelea watoto wangu, Tabora au Mwanza, wakinipeleka bustani ya kwao ninauliza kwanza choo kiko wapi na nani ana ufunguo. Wananicheka.

Kuna jambo moja ambalo sijalisema popote. Siku ile ya ufunguo, tulipotoka bustanini, tukiwa ndani ya bajaji, mume wangu alinishika mkono mbele ya dereva, kitu asichokifanya. Akaniambia ahsante. Akasema alijua kwamba nisingeweza kuvumilia kumwona anadhoofika bila kumfuata nijue ana nini. Alisema mwanamke mwingine angemdhania mabaya.

Nilimwambia ni wajibu wangu.

Ule ushungi wa kahawia nilikuwa nimeshauvua nikaukunja ndani ya mkoba. Kesho yake niliurudisha kwa mwenyewe, na jirani wa mawese aliponiuliza nimeona nini bustanini, nilimwambia kuna upepo mzuri.