Majina ya Penseli

Kanisa letu la Mwakirunge lilinuka popo. Harufu hiyo ilikupokea mlangoni kabla hujaona mtu, nzito na kali, na kila Jumamosi Mama alipambana nayo kwa ndoo ya maji na sabuni ya kipande mpaka mikono ikamchubuka. Jumapili tulikuta popo wameshinda tena. Mimi nilimsaidia kupangusa mabenchi. Lilikuwa kanisa dogo, la mawe yaliyokatwa katika machimbo yale yale aliyofanya kazi Baba, na waumini walikuwa wachache kiasi kwamba asiyekuja alijulikana kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Mama alilipenda kuliko nyumba yake. Lakini siku ya Meza ya Bwana, wenzake walipoinuka kwenda mbele, yeye alibaki benchi la nyuma na sisi watoto, akijifanya anamfunga mdogo wangu vifungo vya shati, kwa sababu Baba alimwoa kwa mahari tu na ndoa yao ilikuwa haijafungwa kanisani.

Nilipokuwa darasa la nne, Baba alikubali hatimaye. "Haya, twende tukaandikwe," alisema jioni moja akivua viatu vyenye vumbi la mawe, kama mtu aliyekubali kung'olewa jino. Mama aliingia chumbani akakaa huko kitambo. Nilidhani sasa ingekuwa furaha tupu. Kumbe ndoa ilipaswa kutangazwa Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mwinjilisti angeuliza kama yuko mwenye kizuizi. Kabla ya Mama, Baba alikuwa na mke mwingine kwao Ganze. Waliachana kimila, mahari yakarudishwa, lakini hapakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Nilimsikia Mama akimwambia jirani huku akichambua mchicha, "Akija yule akasema yeye ndiye mkewe, mimi uso wangu nitauweka wapi?" Tangu hapo nikaanza kumwogopa mwanamke nisiyemjua hata sura.

Kitabu cha ndoa ndicho kilichonimaliza kabisa. Mwinjilisti wetu alikuwa na desturi yake: kabla ya tangazo la kwanza huandika majina kwa penseli, na kasisi, aliyetujia mara moja kwa mwezi, huyapitia kwa wino siku ya harusi. Alisema wino ukikosewa haufutiki. Jumamosi moja, tukiwa tunafanya usafi, alikiacha kitabu wazi mezani, nikachungulia. Majina ya wazazi wangu yalikuwa pale, ya kijivu, mepesi kama yanayoomba ruhusa. Juu yake palikuwa na mstari uliofutwa, karatasi imekwaruzika. Niliujua ulikuwa wa nani. Mkata mawe mmoja alitangazwa, mkewe akatokea kutoka bara na watoto wawili, na yule mchumba akahama Mwakirunge kwa aibu. Akilini nilikiona kifutio kikipita juu ya jina la Mama.

Jumapili ya kwanza niliutazama mlango tu, sikusikia hata neno moja la mahubiri. Ya pili akaingia mwanamke mgeni, amechelewa, nikamkamata Mama mkono mpaka akaninong'oneza, "Kadzo, waniumiza." Kumbe alikuwa mgeni wa mke wa mwinjilisti. Ya tatu aliingia mtu niliyemfahamu: Mjomba Karisa, kaka mkubwa wa Mama, kutoka Kaloleni, amevaa koti juu ya kikoi. Hakuwa mtu wa kanisa, wala hakupatana sana na Baba. Akaketi nyuma kabisa. Mwinjilisti alisoma majina, akauliza swali lake, na alipoanza kufunua ukurasa, Mjomba akakohoa, akasimama. Kanisa zima likageuka. Baba aliinamisha kichwa.

"Hamjambo wenyeji," Mjomba alisema, polepole. "Naambiwa mumeuliza mara mbili, leo ni ya tatu, na watu mwanyamaza. Kwetu, binti akiulizwa habari zake, wenyewe hujibu. Mkinyamaza ni kama hana kwao. Huyu ni dadangu. Mahari tulikula, mbuzi tulichinja, watoto tumewaona. Upande wa mke hatuna neno. Waandikeni."

Akaketi. Mwinjilisti alipekua kitabu chake cha ibada akitafuta mahali pa kumjibia, asipaone, akasema tu, "Asante, mzee. Tumesikia." Watu wakaangua kicheko. Mama alijifunika uso kwa leso, na alipoufunua alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. Yule mwanamke wa Ganze hakuja. Baadaye tulisikia alikuwa ameshaolewa zamani. Kasisi alikuja akapitisha wino. Siku ya Meza ya Bwana iliyofuata Mama aliinuka na wenzake akaenda mbele, nami nikabaki benchi la nyuma nikimfunga mdogo wangu vifungo.

Siku hizi naishi Bamburi. Binti yangu Neema anaolewa, na jina lake na la mchumba wake huonyeshwa kwenye skrini kubwa ukutani mwa kanisa. Mwenye pingamizi anaambiwa afike ofisini, kisha linafuata tangazo la gari lililoziba lango. Jumapili mbili zimepita, kimya. Wenzangu wanasema kimya hicho ni heri, na wana haki, lakini mimi kinanichoma. Mjomba tulimzika zamani, Mama naye hayupo. Juzi nilikwenda Mwakirunge nikaomba nionyeshwe kile kitabu. Popo bado wapo. Wino umeanza kufifia, na chini yake penseli inaonekana vizuri.

Jumapili ijayo ni ya tatu. Neema nimemwambia asishtuke akisikia mtu amekohoa nyuma yake, akasimama.