Nani Hajapakwa

Kwa miaka mingi nimeuza mbegu na dawa za mifugo hapa Rangwe, na kazi hiyo imenifundisha kutomwamini mtu yeyote anayesifu chupa. Mkulima akiniletea mbegu alizopewa na jirani akiapa kwamba ni safi, nahesabu kumi, nazifunga kwenye kitambaa kibichi na kusubiri siku saba. Zikiota tisa, naamini. Zikiota nne, namwambia akawape kuku. Wateja wananiita polisi wa mahindi, na mimi sijali. Nimewaona wengi waliopanda kwa imani wakavuna magugu.

Kwa hiyo siku binti yangu mkubwa aliporudishwa kutoka shule ya bweni katikati ya muhula, na barua ya matroni kwamba ana upele na asirudi mpaka apone, sikulia. Nilitafuta daftari. Barua ilisema pia kwamba wasichana wanaosubiri nafasi ni wengi, na kitanda chake kitatunzwa mwezi mmoja tu. Hapo ndipo nilipoumia. Mtoto huyu ana kichwa, na mimi niliishia darasa la nane. Sikuwa tayari kuona vidudu visivyoonekana kwa macho vikimnyima shule.

Alikuwa na vipele katikati ya vidole na kiunoni, na alijikuna mpaka damu. Mdogo wake, wa darasa la nne, naye alikuwa ameanza. Habari zilipotoka, kila mtu akaja na dawa yake. Mama mmoja sokoni alinisifia kopo la mafuta meupe yasiyo na jina, siku tatu tu ngozi inakuwa ya mtoto mchanga. Nikamuuliza yamechanganywa na nini. Akasema, "Dada, wewe paka tu." Nikamwachia kopo lake. Dawa isiyo na jina ikikudhuru utamshtaki nani? Mteja wangu mmoja kutoka Lambwe alitaka nimuuzie dawa ya kupe wa ng'ombe akawaogeshee watoto wake wenye upele. Nilimfukuza dukani. Lakini alipotoka nilijikuta nimeishika chupa ile ile, nasoma maandishi yake. Niliirudisha kwenye rafu ya juu kabisa, nikaogopa yale niliyokuwa nimeanza kuyafikiria.

Mwishowe nilifanya kama ninavyofanya na mbegu. Binti mkubwa nilimnunulia dawa ya maji katika duka la dawa mjini Homa Bay, ile nyeupe inayowasha, ambayo mtu anapakwa kuanzia shingoni mpaka nyayoni na kukaa nayo kutwa nzima. Mdogo nikampa mafuta ya salfa kutoka duka lingine. Muuzaji wa dawa ya maji alisisitiza kwamba watu wote wa nyumbani wapake siku moja, hata wasiojikuna. Basi nikajipaka, nikampaka mume wangu, nikampaka hata mtoto wa jirani anayecheza na mdogo. Nguo na blanketi za watoto nilizifua kwa maji ya moto, nikazianika juani siku mbili. Kila asubuhi niliwasimamisha wasichana mlangoni penye mwanga, nikahesabu vipele vipya mikononi, nikaandika.

Wiki ya kwanza vilipungua kwa wote wawili. Wiki ya pili vikarudi kwa wote wawili, karibu sawa.

Nikapandwa na hasira. Niliitikisa chupa, nikainusa, nikaikwangua karatasi yake kwa ukucha kuona kama chini yake kuna karatasi nyingine. Niliamini muuzaji ameongeza maji. Nikamshuku mtoto wa jirani kwamba alioga mapema, nikamshuku mume wangu kwamba alijifuta nilipogeuka. Nikamshuku hata binti yangu mwenyewe. Kila nilipomuuliza kwa nini upele hauishi, aliangalia upande wa nyumba ya bibi yake na kusema, "Sijui, mama." Nikafikiri labda hataki shule. Nilimwambia hivyo kwa mdomo wangu, akalia, na mpaka leo najuta.

Zilipobaki siku nane kabla ya kitanda kupewa mwingine, nilichukua chupa nikaenda Homa Bay. Muuzaji ni mtu mzima aliyekuja kufanya biashara kutoka Mombasa, mpole, mwenye kofia safi. Nilimgombeza mbele ya wateja wake. Nikamwita mwizi. Aliniacha nimalize, akaichukua chupa, akaisoma, akairudisha mezani.

"Mama, hii dawa ni nzima," alisema. "Muwasho unaweza kubaki hata wiki kadhaa baada ya wadudu kufa, huo usikutishe. Lakini vipele vipya, hapana. Nyumbani kwako nani hajapakwa?"

"Wote wamepakwa."

"Na hao watoto wanalala na nani?"

Nilichukua chupa yangu nikatoka, na sikumwomba radhi siku ile.

Kwa kina mume wangu wasichana hulala nyumbani kwa bibi yao. Ndivyo walivyolala shangazi zao, na binti zangu nao, hata huyu wa bweni kila akija likizo. Na huyo bibi, mama mkwe wangu, ndiye mtu pekee wa boma ambaye sikumpaka dawa. Hata jina lake sikuliandika daftarini.

Mimi ni Mkuria wa upande wa Kehancha, kule Migori, niliyeolewa kwa Wajaluo. Wiki yangu ya kwanza hapa wifi yangu alinikalisha chini akanipa sheria: "Kitanda ya mama usikalie. Chumba yake ya kulala usiingie. Blanketi yake usiguse." Mgeni hushika sheria kuliko wenyewe. Kwa miaka kumi na sita sijawahi kuvuka sebule ya yule mama, na mkono wake nimeushika kwa salamu tu. Ningeanzaje kumwambia avue nguo apakwe dawa ya upele? Nilimruka na nikajiambia kwamba ni heshima. Hata sweta lake la mikono mirefu, alilolivaa juani wakati sisi tunajipepea, nililiona na kusema ni uzee. Na mimi ndiye ninayejua kwamba mbegu za maduka mawili zikifa pamoja katika shamba moja, unaenda kuangalia udongo.

Nilimkuta mlangoni kwake anabambua njugu. Kijaluo changu kinanitosha sokoni na nyumbani, lakini mambo mazito mimi na yeye huyasema kwa Kiswahili, maana hapo wote wawili ni wageni. Nikachuchumaa, nikaweka chupa chini kati yetu.

"Mama, naomba unisamehe kwa nitakalosema. Hii dawa, nilikuwa nataka na wewe..."

Hakuniacha nimalize. "Leo ndio umenikumbuka?" Alikunja mkono wa sweta. Kuanzia kwenye vidole mpaka kiwiko ngozi ilikuwa imechunika. "Umepaka watu yote hapa, Nyar Migori. Mpaka mtoto ya jirani umepaka. Mimi nimekaa hapa naangalia. Nikasema, sawa, kwa huyu mimi si mtu ya hii boma."

Nyar Migori, binti wa Migori, ndilo jina langu hapa, na sijawahi kulisikia likitamkwa kwa uchungu namna ile.

"Mama, niliogopa. Niliambiwa kitanda chako hakiguswi."

"Kitanda, ndiyo. Mimi ni kitanda?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Mimi nimwombe mke ya mtoto wangu dawa ya gwonyo, hii upele? Nitaanza na mdomo gani?" Akatazama njugu zake. "Huyu msichana wako alitaka kukuambia. Mimi ndio nilimkataza. Nilimwambia, mama yako atasema mimi ndio nachafua nyinyi."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtoto alikuwa amebeba siri ya bibi yake, akakubali kuitwa mvivu wa shule kuliko kuisema.

Dawa yenyewe haikuwa na ugumu wowote. Mjukuu hana mwiko na bibi. Wanaitana nyieka, wake wenza, na kutukanana kwa mapenzi mchana kutwa. Binti yangu aliingia chumbani na chupa, akafunga mlango, na nikawasikia wanacheka, bibi analalamika kwamba inachoma, msichana anamwambia mke mwenza avumilie. Yeye ndiye aliyezitoa blanketi, akazifua, akazianika. Hayo yote angeweza kuyafanya tangu siku ya kwanza, kama ningeuliza. Wengine nasi tukapaka upya, wote siku moja, mdogo naye kwa dawa ya maji. Siku sita baadaye sikuona kipele kipya hata kimoja mikononi mwa wasichana. Muuguzi wa zahanati akaandika barua, na mkubwa akarudi shule siku mbili kabla ya kitanda chake kupewa mtu.

Wiki ilipotimia, ilikuwa lazima sote tupake mara ya pili. Nilipanga kumngoja mdogo atoke shuleni ampake bibi yake. Lakini kabla ya saa nne asubuhi mama mkwe alikuja mwenyewe nyumbani kwangu na chupa mkononi. Hakukaa. Alinigeuzia mgongo katikati ya sebule yangu, akapandisha blauzi.

"Mdogo anarudi saa tisa, mama," nilisema. "Atakupaka vizuri."

"Sijakuja kutafuta mdogo," alisema. "Paka wewe."

Mgongo ulikuwa na makovu ya kucha kila mahali, mapya juu ya ya zamani. Nikamimina dawa kiganjani, nikaanzia shingoni. Alishtuka kwa baridi yake, halafu akatulia.

"Na hii kitu," aliuliza akiwa bado amenipa mgongo, "inafanya kazi kweli?"

"Bado sijui, mama," nilimwambia. "Nitakuangalia kila asubuhi."